Acheni kuanza kila kazi na `make clean`

Juzi nimeletewa tena mradi wa C wenye malalamiko yaleyale: "Make ni nzito, inachukua dakika kumi na moja." Make ndiyo programu inayojenga programu yako kutoka kwenye faili za msimbo. Nikauliza mnaandika amri gani. `make clean && make`, yaani futa vyote vilivyojengwa, kisha jenga upya. Kila mara, hata kwa aliyerekebisha koma kwenye ujumbe wa kosa.

Dhana ni kwamba usipofuta kila kitu kwanza, programu itatoka na mabaki ya zamani. Stuart Feldman aliandika Make mwaka 1976 kule Bell Labs ili kilichobadilika kisisahaulike, na kisichobadilika tusikikompaili (tusikitafsiri kuwa lugha ya mashine) upya. Inalinganisha saa za faili: `soma.c` (msimbo) ikiwa mpya kuliko `soma.o` (tokeo lake), inakompailiwa, kama si mpya, inaachwa. Ukitanguliza `clean` umeitupa kazi yote hiyo.

Hofu hiyo naijua ilikotoka. Mtu alibadilisha `muundo.h`, yaani heda, faili ya maelezo inayotumiwa na faili nyingi za C, akaandika `make`, programu ikaanguka bila sababu ya kueleweka. Akafuta vyote, ikapona. Basi Make haiaminiki! Kumbe Makefile yake, faili ya maelekezo kwa Make, haikutaja popote kwamba `soma.o` inategemea `muundo.h`, na Make haisomi `#include` zako (mistari inayoingiza heda), inajua ulichoiambia tu. Nusu ya programu ilikuwa na struct (mpangilio wa data) ya jana, nusu ya leo. Ongeza `-MMD -MP` kwenye CFLAGS (vigezo vya kompaila), kompaila yako, GCC au Clang, ikuandikie orodha ya heda katika faili za `.d`, kisha mwishoni mwa Makefile weka:

`-include $(OBJS:.o=.d)` (`OBJS` ni orodha ya faili zako za `.o`)

Futa mara ya mwisho, jenga, basi. Ule mradi sasa unachukua sekunde nne ukigusa faili moja. `clean` ibaki kwa siku unapobadilisha kompaila au CFLAGS zenyewe, maana hayo Make haiyaoni. Wanaotanguliza `clean` kwenye Gradle, zana nyingine ya kujenga programu, ndio hawana kisingizio kabisa: yenyewe hukagua yaliyomo ndani ya faili, wala haitegemei saa.

Malalamiko mengine: "`make -j8` inaharibu mradi." Hiyo `-j8` huendesha kazi nane kwa pamoja. Mradi ulikuwa mbovu tangu zamani. Utegemezi haukuandikwa, ukaokolewa na bahati ya mpangilio. Iacheni `-j` iwaumbue mapema.

Mwingine ataniambia: "Majaribio yamepita, Make imesema `'test' is up to date`." Hayajaendeshwa hata moja! Kuna folda inayoitwa `test`, Make imeiona ipo, ikaridhika. Andika `.PHONY: test`, Make ijue `test` ni jina la kazi, si la faili. Hili nimelikuta kwa watu wenye uzoefu kunizidi.

Na anayelalamika kwamba `cd` "haifanyi kazi": kila mstari wa amri kwenye Makefile huendeshwa na sheli yake (programu inayotekeleza amri). `cd` ya mstari wa kwanza imekufa kabla wa pili haujaanza. Ziunganishe kwenye mstari mmoja kwa `&&`.