Mhudumu wa Afya Anapokataa Kutoa Huduma kwa Sababu ya Dhamiri: Maswali na Majibu kwa Wagonjwa na Wahudumu Nchini Kenya

Katika hospitali na zahanati zetu wapo madaktari, wakunga, maafisa wa kliniki na wafamasia ambao imani yao haiwaruhusu kutoa huduma fulani, na wapo wagonjwa wanaozihitaji huduma hizohizo na ambao sheria inawapa haki ya kuzipata. Pande hizi mbili zinapokutana bila utaratibu unaoeleweka, anayeumia zaidi ni mgonjwa, ingawa mhudumu naye anaweza kujikuta akishurutishwa kutenda jambo ambalo moyo wake unalikataa. Majibu yafuatayo yanaeleza hali ilivyo nchini Kenya, na yanagusa nchi nyingine pale ambapo mahakama zao zimelichambua suala hili kwa kina.

Kukataa kwa sababu ya dhamiri ni nini hasa?

Ni pale mhudumu mwenye ujuzi na leseni ya kutoa huduma halali anapoomba asiitoe yeye mwenyewe, kwa kuwa kuitoa kungevunja imani yake ya dini au msimamo wake wa kimaadili. Huduma zinazohusika mara nyingi ni utoaji wa mimba unaoruhusiwa na sheria, kufunga kizazi kwa wanawake au wanaume, koili, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ambavyo wengi huviita P2.

Mhudumu ambaye hakufunzwa kuweka koili hakatai kwa dhamiri; hana ujuzi, na anapaswa kusema hivyo. Naye anayemnyima msichana asiyeolewa P2 kwenye dirisha la duka la dawa, kisha akampa mke wa mtu dawa ileile dakika tano baadaye, hana pingamizi dhidi ya dawa. Pingamizi lake ni dhidi ya mtu, na ubaguzi wa aina hiyo unakatazwa na Ibara ya 27 ya Katiba, ambayo inataja waziwazi hali ya ndoa. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu mengi yanayoitwa dhamiri, ukiyatazama kwa karibu, ni hukumu juu ya maisha ya mgonjwa.

Katiba ya mwaka 2010 inamlinda nani?

Inawalinda wote wawili. Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra na imani, na inasema kwamba mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani au dini yake. Ibara ya 43 nayo inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo huduma ya afya ya uzazi. Kuhusu mimba, Ibara ya 26(4) inakataza kuitoa isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au pale sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaeleza katika kifungu cha 12 haki na wajibu wa wahudumu. Inampa mhudumu haki ya kukataa kumtibu mgonjwa anayempiga, anayemtukana au anayemsumbua kingono, lakini hata haki hiyo inaondoka penye dharura ikiwa hakuna mhudumu mwingine. Mwelekeo wa sheria unaonekana hapo: haki ya mhudumu ni ya kweli, na ina mpaka.

Je, mhudumu anaweza kukataa wakati wa dharura?

Hapana, na hapa sheria haina utata. Ibara ya 43(2) inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya kinaitoza taasisi inayokataa kuyatoa ilhali ina uwezo faini isiyozidi shilingi 3,000,000.

Tuchukue hali inayoweza kutokea usiku katika hospitali ndogo ya kaunti. Muuguzi yuko zamu peke yake, na mwanamke kijana analetwa kwa bodaboda, leso aliyojifunga imelowa damu, midomo imepauka, mpigo wa moyo umezidi 110 kwa dakika na namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 90. Aliyemsindikiza ananong'ona kwamba alimeza dawa za kutoa mimba zilizonunuliwa mtaani. Muuguzi huyo anaweza kuamini kwa moyo wake wote kwamba kutoa mimba ni dhambi, lakini hakuna anayemwomba atoe mimba. Anaombwa azuie damu. Kazi iliyo mbele yake ni kuweka dripu, kumpigia daktari simu, kuandaa damu ya kuongezwa, na kuhakikisha kwamba mabaki yaliyo kizazini yanaondolewa, kwa pampu ya mkono au kwa dawa iitwayo misoprostoli, kabla maambukizi hayajaingia. Kumhoji mgonjwa ni nani aliyemuuzia dawa, au kumtisha kwa polisi kabla dripu haijawekwa, si dhamiri; ni kumwacha mtu afe.

Dini zenyewe hazimtumi mhudumu afanye hivyo. Wanazuoni wa Kiislamu hufundisha kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na mafundisho ya Kanisa Katoliki huruhusu kumtibu mjamzito ugonjwa mkubwa usioweza kusubiri, hata inapojulikana kwamba mtoto aliye tumboni atakufa, mradi kifo hicho hakikukusudiwa.

Ni dalili gani za kumkimbiza mjamzito, au aliyetoka kupoteza mimba, hospitalini mara moja?

Kulowesha pedi kubwa mbili au zaidi kwa saa kwa muda wa saa mbili mfululizo, kuzimia au kizunguzungu kikali, homa yenye kutetemeka, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo katika wiki za mwanzo, ambayo huenda ni ishara ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kituo chochote, cha serikali, cha binafsi au cha dini, kina wajibu wa kumpokea.

Pasipo dharura, mhudumu anayekataa ana wajibu gani?

Kanuni za maadili za Chama cha Madaktari Duniani, zilizofanyiwa marekebisho mjini Berlin mwaka 2022, zinasema daktari anaweza kukataa huduma halali kwa sababu ya dhamiri ikiwa tu mgonjwa hatadhurika wala kubaguliwa, na afya yake haitahatarishwa. Ni lazima amwambie mgonjwa mara moja na kwa heshima, amjulishe haki yake ya kumwona daktari mwingine, na ampe maelezo ya kutosha ili aweze kumfikia daktari huyo kwa wakati unaofaa.

Kwa vitendo, maneno yanaweza kuwa mafupi tu: "Mama, huduma hii mimi siitoi kwa sababu ya imani yangu. Inatolewa katika chumba namba nne, na mwenzangu yupo leo hadi saa kumi. Njoo nikuonyeshe." Hakuna mahubiri, hakuna uso wa kukunja, na hakuna kumwambia arudi wiki ijayo kwa matumaini kwamba atakata tamaa. Kumdanganya kwamba dawa zimekwisha, wakati zimejaa kabatini, ni kuvunja wajibu wa kitaaluma hata kama uongo huo umetokana na imani ya dhati.

Muda ndio unaoamua mambo hapa. Mtu aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za PEP za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, huku nguvu yake ikipungua kadiri saa zinavyopita. Mhudumu akimzungusha mgonjwa huyo siku mbili, amekwisha kumwamulia bila ridhaa yake.

Vipi kuhusu mhudumu anayeona kwamba hata kutoa rufaa ni kushiriki?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wanaoliuliza si wakaidi. Wanasema kwamba mhudumu akikataa kutenda jambo na papo hapo akamwelekeza mgonjwa kwa atakayelitenda, bado amelisaidia. Ninauheshimu msimamo huo, lakini sikubali kwamba uishie kwa mgonjwa kubaki gizani. Sheria ya Afya inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali ya afya yake na aina za matibabu zilizopo, na kueleza ukweli hakumfanyi mtu kuwa mshiriki wa kila uamuzi unaofuata. Njia bora ni ya kiutawala: msimamizi wa kituo apange zamu na mapokezi ili mgonjwa wa huduma hiyo aelekezwe tangu mwanzo kwa asiye na pingamizi, na mwenye pingamizi asihitaji kuandika barua ya rufaa kabisa.

Pingamizi linafika hadi kwa nani? Karani je? Msimamizi wa wodi je?

Uingereza imelijibu swali hili mahakamani mara mbili. Sheria yake ya utoaji mimba ya mwaka 1967, katika kifungu cha 4, inamwondolea mtu wajibu wa kushiriki katika matibabu anayoyapinga kwa dhamiri, isipokuwa pale yanapohitajika kuokoa maisha ya mjamzito au kumwepusha na madhara makubwa ya kudumu. Mwaka 1988 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kwamba karani aliyekataa kupiga chapa barua ya rufaa hakulindwa na kifungu hicho. Mwaka 2014 wakunga wawili Wakatoliki wa Glasgow, waliokuwa wasimamizi wa wodi ya kujifungulia, walishindwa walipotaka wasipange zamu wala kuwasimamia wenzao waliohusika. Mahakama ilisema kushiriki ni kutenda kwa mikono yako mwenyewe. Uswidi haitoi msamaha huo hata kwa mkunga, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyakataa malalamiko ya wakunga wawili wa nchi hiyo mwaka 2020.

Hukumu hizo haziifungi Kenya. Kwa maoni yangu hoja ya Glasgow ina busara inayotufaa, kwa kuwa inamkinga yule ambaye mkono wake ungetenda, na haimruhusu anayefagia chumba, anayetunza faili au anayepika chakula cha wagonjwa kusimamisha huduma.

Je, hospitali nzima ya kanisa au ya msikiti inaweza kukataa?

Hospitali za mashirika ya dini ndizo tegemeo la watu wengi vijijini, na za Kikatoliki kwa kawaida hufundisha njia za asili tu za kupanga uzazi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika ufafanuzi wake wa mwaka 2014 juu ya Itifaki ya Maputo, yaani mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ilisema pingamizi la dhamiri ni la mhudumu anayehusika moja kwa moja na si la taasisi. Hospitali hizo hazijabadili mkondo kwa sababu hiyo, na sidhani kuzifunga kungemsaidia yeyote. Kinachoweza kudaiwa leo ni uwazi: ubao wa huduma langoni useme ni zipi hazitolewi na zinapatikana wapi karibu.

Hatari kubwa ni pale wanaokataa wanapokuwa wengi. Italia iliruhusu pingamizi katika Sheria namba 194 ya mwaka 1978, na takwimu za serikali yake zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 60 ya madaktari wa magonjwa ya wanawake wamejiandikisha kuwa wapingaji, hivyo baadhi ya wanawake husafiri hadi mkoa mwingine. Kaunti yenye madaktari wachache inaweza kufika huko kwa mtu mmoja tu kuhamishwa.

Mgonjwa aliyekataliwa afanye nini?

Amwombe msimamizi wa zamu, si yule aliyemkataa. Aandike tarehe, saa, idara na maneno aliyoambiwa. Baada ya hapo anaweza kulalamika kwa msimamizi mkuu wa hospitali, kwa idara ya afya ya kaunti, au kwa baraza linalotoa leseni: la madaktari, la wauguzi, au la maafisa wa kliniki, kutegemea aliyemhudumia.

Je, mhudumu anaweza kufukuzwa kazi kwa sababu ya pingamizi lake?

Dhamiri na imani zimo katika orodha ya mambo ambayo Ibara ya 27 inakataza mtu kubaguliwa kwayo, na Ibara ya 32 inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Kinga hiyo huwa na nguvu zaidi mhudumu akiwa ameeleza pingamizi lake kwa maandishi wakati wa kuajiriwa au kupangiwa idara, akataja huduma hasa anazozikwepa, na akakubali kuchukua majukumu mengine yenye uzito sawa ili wenzake wasibebeshwe mzigo wake. Mwanafunzi wa uuguzi au udaktari naye afanye hivyo mapema kwa mwalimu wake, huku akijifunza kikamilifu jinsi ya kumhudumia mwanamke anayevuja damu, kwa maana usiku wa zamu ya peke yake hatakuwa na mwenzake wa kumwita.