Rada Ilisema Kweli

Muhula uko wiki ya tatu tu na nimeshaisikia mara nne: "Mwalimu, vita vya siku hizi ni droni na kompyuta. Kichwa cha mtu kina kazi gani tena?" Safari hii nilizima projekta nikawapeleka, kwa simulizi, hadi Hormuz, mlango wa bahari ulio kati ya Iran na Uarabuni.

Asubuhi ya tarehe 3 Julai 1988, manowari ya Marekani, USS Vincennes, ilikuwa ikipambana na boti za Iran. Ilibeba Aegis, mtambo wa rada na kompyuta, fahari ya wanamaji wao wakati ule. Airbus ya abiria ya Iran Air ikaruka Bandar Abbas kwenda Dubai. Mtambo ukaiona vizuri kabisa: inapanda, inatoa ishara ya ndege ya kiraia. Lakini ndani ya chumba cha mapigano, gizani, vitu vikiporomoka meli ikikata kona, mtu alishataja F-14, ndege ya kivita, na tangu hapo F-14 ndiyo iliyoonekana. Wakaripoti kwamba inashuka kuwajia. Makombora mawili yakarushwa. Watu 290 wakafa. Kanda za Aegis zilipokaguliwa, ndege ilikuwa ikipanda.

Haya, niambieni mashine ilikosea wapi. Vichwa vilivyomtarajia adui vilimsoma adui. Mkiongeza droni, ofisa yuleyule mnampa skrini nyingine ya kusoma vibaya, na muda mfupi zaidi wa kujirudi.

"Satelaiti inaona kila kitu, hakuna tena kumzuga mtu." Waulizeni Wahindi. Mei 1998 walilipua mabomu ya nyuklia ya majaribio Pokhran, jangwani kwao, na Marekani ikashtukia mambo yamekwisha: kazi ilifanyika usiku, mitambo ikirudishwa ilipokuwa kabla hakujapambazuka, wanasayansi wakivaa sare za jeshi.

"Askari wa kweli haogopi." Upuuzi. Anaogopa sana tu, ila mikono yake imezoezwa kuendelea na kazi.

"Taarifa zikitosha, hushtukizwi." Oktoba 1973 Waisraeli waliyaona majeshi ya Misri yamejazana kando ya Mfereji wa Suez, wakaamua ni mazoezi; kumbe ni vita. Baada ya kipigo wakaunda kitengo cha kuzibishia tathmini za ujasusi wao wenyewe. Hapa ndipo ninapong'ang'ania, na wanafunzi wangu wamenichoka: katika kila zoezi namteua mbishi mmoja, tena mwenye cheo. Koplo akimbishia kanali, sote tunajua kikao kinavyoisha.