Viashiria vya protini katika saratani ya utumbo mpana

Kiashiria cha protini ni protini inayopimwa kwenye damu au kwenye kinyama kilichokatwa mwilini, ili daktari akadirie ugonjwa unaelekea wapi. Kuthibitisha kama mtu ana saratani ya utumbo mpana ni kazi ya kamera ya utumbo na darubini.

Kinachojulikana zaidi ni CEA, protini inayopimwa kwenye damu, iliyogunduliwa na Phil Gold na Samuel Freedman mjini Montreal, Kanada, mwaka 1965. Asiyevuta sigara kwa kawaida huwa chini ya nanogramu 5 kwa mililita ya damu. Sigara huipandisha, na hilo si dogo kwa mkoa wa Tabora wenye tumbaku ya Urambo na Kaliua: mzee aliyevuta tangu ujana akikutwa na 6, aulizwe sigara kwanza kabla familia haijaanza kulia. Ugonjwa wa ini nao huipandisha.

CEA inamfaa zaidi aliyekwisha thibitishwa kuwa na saratani. Ikiwa juu kabla ya upasuaji, hatari ya ugonjwa kurudi huwa kubwa zaidi. Uvimbe ukishatolewa, inatakiwa ishuke ndani ya wiki 4 hadi 6. Ikigoma, huenda kuna ugonjwa uliobaki. Baadaye hupimwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. Namba ikitoka 2 ikawa 4, halafu 9, daktari atataka picha za ini na mapafu hata kama mgonjwa analima kama kawaida. Kwa hiyo aliyepasuliwa hospitali ya Bugando, Mwanza, akirudi kufuatiliwa hospitali ya Kitete, Tabora, aje na karatasi zake zote. Namba moja peke yake haisemi mengi.

Kundi la pili hupimwa kwenye kinyama chenyewe: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Hizi husahihisha makosa DNA inapojinakili. Kinyama hupakwa kingamwili zenye rangi. Viini vya seli za saratani vikiwa kahawia, protini ipo, vikibaki buluu, haipo. Viini vya seli za jirani zisizo na saratani lazima viwe kahawia, la sivyo kipimo kimeshindwa, na hilo hutokea kinyama kikichelewa kutiwa formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, jambo la kuangaliwa sana kama kinasafirishwa kutoka Kigoma.

Takriban 15% ya saratani hizi hukosa angalau protini moja. Ajabu ni kwamba katika hatua ya pili, yaani kabla saratani haijafika kwenye tezi, wagonjwa hawa huwa na matumaini bora, kwa kuwa seli zenye makosa mengi hushtukiwa upesi na kinga ya mwili. Hapa kiashiria kinatabiri hata dawa: fluorourasili, dawa ya kuua seli za saratani, ikitolewa peke yake haiwasaidii katika hatua hiyo, ilhali saratani yao ikisambaa, dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumabu huwafaa kuliko wengine. Na upungufu ukiwa wa kurithi, uitwao Lynch, watoto wa mgonjwa na ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe.