Je, wajua kwanini programu ya GB 2 inaweza kukulia GB 15 za diski?

Umeshusha programu, setapu yake GB 2 na kidogo, umeinstoli vizuri tu, halafu ukicheki diski C unakuta zimeondoka GB 15. Unaingia Program Files kwenye folda ya hiyo programu, unaipima, GB 4 tu. Sasa hizo 11 zingine zimeenda wapi? Hapo ndo wengi wanaanza kusema ni virusi, wanaweka antivairasi, ambayo nayo inakula nafasi yake, na safari inaendelea.

Virusi vipo sikatai, ila kwa kesi za namna hii mimi naviweka mwisho kabisa wa foleni. Mara nyingi nafasi imechukuliwa na vitu halali ambavyo Windows au setapu yenyewe imeviweka mahali ambapo huna kawaida ya kuangalia. Ndo maana nasema pima kabla ya kufuta, maana anayefuta kwa kubahatisha huishia kufuta picha za harusi na kuacha GB 20 za takataka palepale zilipo.

(Kama shida yako ni kwamba ulinunua diski ya GB 256 na Windows inakuonyesha 238, hapo hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu GB moja ni baiti bilioni 1, Windows inahesabu 1024 mara 1024 mara 1024. Ya 500 inasoma 465, ya TB 1 inasoma 931. Hilo tuliache.)

Tuanze na setapu. Ile GB 2 ni mzigo uliobanwa, ukifunguliwa unatanuka, na mara nyingi haufungukii Program Files moja kwa moja, unamwagwa kwanza kwenye folda ya muda iliyoko AppData\Local\Temp ndo ukopiwe kutoka pale. Kwahiyo kuna wakati una nakala tatu za kitu kimoja: ile iko Downloads, ile iko Temp, na yenyewe iliyoinstoliwa. Setapu yenye adabu inafagia Temp ikimaliza, lakini umeme ukikatika katikati au ikigoma na kutoa erro, uchafu unabaki. Hii pia ndo sababu ukichagua kuinstoli diski D bado C inapungua. Kuisafisha ni rahisi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, futa vilivyomo, vitakavyokataa vinatumika muda huo, viruke tu.

Halafu programu kubwa ni kama mpangaji aliyekuambia anaishi peke yake, wiki inayofuata unakuta kaleta shemeji na wapwa. Inakuja na vifurushi vya .NET, vya Visual C++ (vitu saidizi ambavyo programu inavihitaji ili iwake), labda na databesi yake, na nakala za setapu za vifurushi hivyo zinaweza kukaa C:\ProgramData\Package Cache. ProgramData ni folda iliyofichwa, ndo maana hujawahi kuiona.

Ila kwangu mimi folda inayostahili kujulikana zaidi ni C:\Windows\Installer. Imefichwa kuliko hata hiyo, inabidi uiambie Windows ionyeshe na faili za mfumo. Programu ikiinstoliwa kwa faili la msi (aina ya setapu ya Windows), Windows inaweka nakala humo ili siku ukitaka kuirekebisha au kuiondoa ijue pa kuanzia, na kila kiraka cha apdeti nacho kinaacha nakala yake. Mashine iliyokaa miaka mingi bila kupigwa Windows upya, hii folda inaweza kufika makumi ya GB. Mtu akiiona anafurahi, anachagua vyote anafuta, mambo yanaonekana shwari kabisa mpaka siku Office inataka apdeti au anataka kuondoa programu, inaanza kumdai faili ambalo halipo na haiendi mbele wala nyuma. Usiifute kwa mkono. Kuna kiprogramu kinaitwa PatchCleaner kinachotafuta yale mafaili ambayo hayana programu tena, nacho ukikitumia hamishia kwanza kwenye diski nyingine, ukae uone.

Folda ya C:\Windows\WinSxS, ghala la vipande vya Windows yenyewe, nayo inasingiziwa sana. Ukiipima kwa kubonyeza Properties inaonekana kubwa mno, lakini faili nyingi mle ndo zilezile zinazoonekana sehemu nyingine za Windows, ni faili moja lenye majina mawili, hivyo linahesabiwa mara mbili. Ukitaka kuipunguza fungua Command Prompt kama administreta, andika DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, basi.

Kuna na faili la pagefile.sys. Programu nzito, tuseme ya kuedit video, ikimaliza RAM Windows inaazima nafasi ya diski na hilo faili linavimba, ndo maana nafasi inaisha ukiwa unafanya kazi na mara nyingi ukiristati inarudi. Hiberfil.sys ni jingine, linahifadhi hali ya mashine ikihaibaneti (yaani ikizimika huku ikikumbuka ulichokuwa umefungua), na kwa Windows 10 huwa karibu asilimia 40 ya RAM, kwahiyo ukiongeza RAM kutoka GB 8 kwenda 16 usishangae C imepungua. Usipotumia haibaneti, andika powercfg /h off kwenye Command Prompt hiyohiyo ya administreta, inaliondoa.

Sasa nyie mnaoandika kodi za programu, hapa ndo penyewe. Umeweka Docker au WSL 2 (vya kuendesha Linux ndani ya Windows), ukacheza cheza, ukafuta kila kitu ndani, nafasi haijarudi hata kidogo. Sababu ni kwamba Linux yako yote inaishi ndani ya faili moja kubwa lenye mwisho wa .vhdx, na kwa kawaida faili hilo linajua kukua tu, kupungua halijui. Ukifuta GB 30 ndani, Linux inaona kuna nafasi, Windows inaona faili lilelile na ukubwa uleule. Futa kwanza visivyotumika (docker system prune, ila soma inachokuuliza kabla ya kujibu y), funga Docker, andika wsl --shutdown, halafu fungua diskpart, lichague faili kwa select vdisk file="njia ya faili", kisha attach vdisk readonly, kisha compact vdisk, umalize na detach vdisk. Chukua bakapu kabla, siyo mzaha. Android Studio, ile ya kutengenezea app za Android, nayo haijambo, emuleta zake (simu za kuigiza) zinakaa kwenye folda ya .android na vitu vya Gradle, kifaa chake cha kujengea app, viko .gradle, zote chini ya jina lako kwenye Users, na ukiiondoa programu usitegemee zitaondoka nayo.

Kuvipata vyote hivi bila kubahatisha, tumia WizTree, kiprogramu cha kupima folda. Inasoma orodha kuu ya faili ya NTFS (mfumo ambao Windows inapangia faili kwenye diski) moja kwa moja badala ya kupita folda kwa folda, ndo maana inamaliza kwa sekunde wakati mwenzake WinDirStat ya zamani bado inazunguka. Ifungue kama administreta, la sivyo kuna folda utanyimwa kuziona. Panga kwa ukubwa, angalia tano za juu, mara nyingi jibu liko hapo.

Na kama ukijumlisha vyote bado hesabu haifiki, angalia folda ya System Volume Information. Baadhi ya setapu pamoja na apdeti za Windows hutengeneza nukta ya kurudi nyuma (restore point) kabla ya kuanza kazi, yaani picha ya mfumo ulivyokuwa, endapo System Restore imewashwa. Andika vssadmin list shadowstorage ukiwa administreta, itakuambia picha hizo zinatumia kiasi gani na kikomo ni kipi. Kikiwa kikubwa mno usizime kabisa, ingia System Protection, bonyeza Configure, vuta kile kimshale cha Max Usage kirudi nyuma, Windows itafuta za zamani yenyewe na kukubakizia za karibuni.