Mama akirudishwa na mtoto bila sindano: maswali mnayoniuliza kuhusu chanjo, tao na ushago

Mimi ni CHP, yaani mhudumu wa afya wa jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba, wale ambao huku Kisumu mnatuita nyamrerwa. Kazi yangu iko Nyalenda lakini kwetu ni Nyakach ya chini, na kuna miaka nilikaa Nakuru kwa dada yangu, mtaa wa Kaptembwo, kwa hivyo haya mambo ya chanjo nimeyaona tao na nimeyaona ushago. Maswali mnayoniuliza kwa mlango na kwa simu ni karibu yale yale, nimeyaweka hapa pamoja niyajibu. Na niseme mapema kitu kimoja: watoto wengi ninaopata hawana chanjo, mama zao hawakukataa. Walienda, wakarudishwa, mara ya kwanza, mara ya pili, alafu wakachoka.

Swali: Nilienda dispensari na mtoto wa wiki mbili, nesi akaniambia nirudi Jumanne ndo siku ya BCG. Kwani dawa haikuwepo?

Mara nyingi dawa iko, iko hapo ndani ya friji na hata friji yenyewe unaiona. Shida ni chupa. BCG, ile ya kukinga mtoto na TB kali na ndo inaacha alama mkononi, huja ikiwa unga. Chupa moja ni ya watoto 20, na nesi akishaichanganya na maji yake anafaa kuitumia ndani ya masaa 6, inayobaki inamwagwa. Ya surua na rubella nayo ni hivyo hivyo, chupa ya dozi 10, masaa 6. Sasa fikiria dispensari ya ushago ambapo watoto wachanga wanaokuja kwa siku ni wawili ama watatu, nesi akifungua atamwaga dozi 17 ama 18 na mwisho wa mwezi ataulizwa dawa ilienda wapi, kwa hivyo anasema wacha wawe wengi, njoo Jumanne. Kwa hesabu ya dawa huyo nesi hana makosa.

Hesabu ya mama ndo hakuna mtu anaiandika. Kuna mmoja wa huko kwetu karibu na ziwa, anauza omena, siku hio alilipa boda 150 kuenda na 150 kurudi na soko ikampita, akaambiwa Jumanne. Jumanne ikanyesha barabara ikakatika. Jumanne iliyofuata akaenda tena akapata nesi ni mmoja na ameitwa semina, mlango umefungwa. Mimi nilikutana na huyo mtoto akiwa na miezi minne hajadungwa hata moja, na mamake hakuwa anaogopa sindano wala hakuna mtu alikuwa amemwambia ni mbaya, aliniambia tu dada yangu mimi nilienda mara mbili. Nilishindwa nimjibu nini.

Kwa surua WHO hushauri chupa ifunguliwe hata kama mtoto ni mmoja, juu dozi zikimwagika ni hasara lakini mtoto akirudi nyumbani bila kinga hiyo ni hasara kubwa zaidi, na mimi nakubaliana na hilo kabisa. Lakini venye mambo yako sai, ukiambiwa urudi fanya hivi. Kwanza uliza ni nini kingine mtoto anaweza kupata leo. Polio ya matone na ile sindano ya tano kwa moja (inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya B na Hib, kijidudu cha kichomi na uti wa mgongo) chupa zao zikifunguliwa zinaweza kukaa hadi siku 28 zikihifadhiwa kwa baridi vizuri, hizo hazingojei watoto wajae. Mtoto wa wiki mbili angalau apate matone ya polio siku hio hio. Pili acha namba ya simu, na uchukue ya nesi ama ya CHP wa kijiji, upigiwe siku chupa inafunguliwa, usitoke nyumbani kubahatisha.

Swali: Si mnasema chanjo ni bure? Mbona mimi nililipishwa?

Hospitali ya serikali chanjo za ratiba ni bure, hakuna pesa ya sindano wala ya kadi. Kliniki ya kibinafsi inaweza kupewa dawa hio hio na serikali bila malipo lakini ikakutoza pesa ya huduma, na zingine zina chanjo zao za kununua, kwa hivyo uliza bei kabla mtoto hajavuliwa nguo. Ukiitishwa pesa kwa dispensari ya serikali, mwambie CHP wako ama mtu wa kamati ya hiyo dispensari, usinyamaze ukalipa, juu mwenzako ambaye hana hio mia mbili atakaa nyumbani.

Swali: Niko Kaptembwo, dispensari ni ya kutembea na miguu. Kukosa chanjo si ni shida ya watu wa ushago?

Hapana, na hapa ndo wengi hukosea. Dada yangu alikuwa anafulia watu nguo Milimani, analipwa kwa siku. Kliniki ya watoto ni asubuhi, foleni inafika saa sita, ukitokea saa nane unaambiwa tumemaliza kudunga rudi kesho, na kesho nayo ni siku ya kufua. Naivasha kwa mashamba ya maua ni hivyo tu, mtu wa shifti hawezi kuacha kazi katikati ya wiki kila mwezi, na ratiba ya mtoto inataka aende akizaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, alafu mwaka mmoja na nusu. Hio ya mwaka mmoja na nusu, ya pili ya surua, ndo nyumba baada ya nyumba naipata haijafanywa, mama amesharudi kazi na mtoto anaonekana ako sawa tu.

Alafu watu wa mtaa wanahama sana. Kodi ya nyumba ikipanda mtu anatoka Rhonda anaenda Kaptembwo, anatoka Nyalenda anaenda Manyatta ama Obunga, mimi nimeandika mtoto kwa kitabu yangu mwezi wa pili, mwezi wa nne nikibisha hio nyumba anafungua mtu mwingine. Ushago kila mtu anajua huyo ni mtoto wa nani. Tao mtoto anaweza kukaa mita mia tatu kutoka hospitali kubwa na hakuna mtu anajua ako hapo.

Kwa hivyo dawa ya tao si kujenga dispensari ingine, ni masaa. Kituo kimoja huku kilikubali kudunga Jumamosi asubuhi mara mbili kwa mwezi, na nilishangaa nikaona akina mama wa kuuza mboga, wa saluni, hata baba wawili wamebeba watoto. Hao wote wamekuwa hapa siku zote.

Swali: Na visiwani na huko Budalang'i, dawa hufika aje?

Hufika kwa jasho ya watu. Chanjo zinatoka stoo ya taifa Kitengela, zinaenda stoo za kanda kama Kisumu, Kakamega na Nakuru, kutoka hapo kaunti ndogo, mwisho dispensari, na njia yote hio nyingi zinafaa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Zikipata joto zinaharibika, na zingine zikiganda pia zinaharibika. Kilomita za mwisho mara nyingi ni nesi na kibebeo cha barafu juu ya boda, ama ndani ya boti kama ni kisiwa cha Mfangano. Stima ikipotea siku mbili na hakuna friji ya sola nesi anaanza kuhamisha dawa usiku. Mto Nzoia ukivunja kingo Budalang'i, ama Nyando ikifurika huku, watu wanahamia kambi na kliniki inabaki upande mwingine wa maji. Huko kungojea mama aje ni bure, lazima nesi atoke na kibebeo afuate watu, bichi kwa bichi (pale boti za wavuvi hufikia), na siku ijulikane mapema ili wavuvi wasiwe wamehama bichi na familia zao.

Swali: Kaunti husema chanjo iko juu, kwani wewe unalilia nini?

KDHS, ule utafiti wa kitaifa wa afya ya watu, wa 2022 ulipata kama asilimia 80 ya watoto wa miezi 12 hadi 23 Kenya walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Si mbaya. Lakini hio inamaanisha kwa kila watoto kumi, wawili hawajamaliza, na hao wawili hawajatawanyika sawa sawa, wanakaa pamoja, kijiji kimoja, ploti moja, bichi moja. Surua inataka karibu asilimia 95 ya watu wawe na kinga ndo isienee. Wodi inaweza kuonyesha 90 kwa karatasi na ndani yake kuna kijiji nusu ya watoto hawana, na surua ikiingia inaenda moja kwa moja hapo. Alafu kuna hili: dispensari ya tao inaweza hata kuandika zaidi ya asilimia 100, juu inadunga watoto wa nje ambao hawakuhesabiwa kwake, na ile ya ushago waliotoka inaonekana haifanyi kazi. Mimi ningetaka tuulizwe majina ya waliokosa na nyumba zao, asilimia zibaki za mkutano.

Swali: Mbona watoto wa Kisumu wanadungwa ya malaria na wa kwangu Nakuru hapana? Huo ni ubaguzi?

Swali nzuri, na jibu ni hapana. Malaria huku kando ya ziwa na magharibi ni kali kuliko Nakuru. Chanjo ilianza Homa Bay Septemba 2019, ikaenda sehemu za kaunti nane: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Ilipojaribiwa Kenya, Ghana na Malawi vifo vya watoto wa umri wa kupewa vilipungua kwa asilimia 13. Usawa hapa ni kuanzia pale watoto wanakufa zaidi. Shida yetu ni dozi ya nne, wengi wanapata tatu za kwanza alafu hawaonekani tena, kwa hivyo wewe wa huku uliza kliniki yako tarehe ya hio ya nne uiandike.

Swali: Nimepoteza kitabu na nimechelewa miezi mitatu. Naogopa kugombezwa.

Nenda hivyo hivyo. Haianzi upya, mtoto anaendelea pale aliachia, na kama ulidungia hapo jina liko kwa rejista. Kuhusu kugombezwa, najua inatokea, nimeona mama akiulizwa mbele ya foleni "ulikuwa wapi" mpaka akalia, na hakurudi. Kama unaogopa niambie ama mwambie CHP wako, tutaenda pamoja. Wauguzi mnaosoma hii tafadhali, huyo amechelewa na amekuja, mdungeni kwanza.

Swali: Binti yangu ana miaka 12 na aliacha shule. Ile ya saratani ya mlango wa kizazi atapata wapi?

Dispensari, na pia ni bure. Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019, na mara nyingi huwa inapelekwa shuleni ndo maana walio nje ya shule husahaulika. Mpeleke mwenyewe.

Swali: Chanjo zikiisha kabisa tumlilie nani, kaunti ama Nairobi?

Wote wawili, kila mtu na lake. Kununua dawa ni serikali ya kitaifa, kuajiri wauguzi na kuzifikisha dispensari ni kaunti. Mwaka 2025 BCG na polio zilipungua sehemu nyingi na akina mama wakazunguka vituo vitatu vinne, hio haikuwa ya nesi wa dispensari na haifai yeye ndo atukanwe. Lakini nesi mmoja wa vijiji sita, friji mbovu, hakuna mafuta ya kwenda bichi, hayo ni ya kaunti, na mkutano wa wananchi wa bajeti ukiitwa wodi yenu nendeni, mseme kijiji gani na tangu mwezi gani.

Swali: Mtoto ana mafua kidogo, nimpeleke ama ningoje apone?

Mpeleke. Mafua, kikohozi kidogo, joto kidogo ama kuhara kidogo si sababu ya kukosa chanjo, na ukirudishwa kwa sababu ya mafua tu omba kuongea na msimamizi wa kituo hapo hapo kabla hujapanda boda. Kama mtoto ni mgonjwa sana, hanyonyi, anapumua kwa shida ama joto ni kali, pia mpeleke, lakini huyo atibiwe kwanza, chanjo apewe akipata nafuu.