Fildi ndiyo mlango wa ajira, usiipite kama likizo

Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilibadili njia ya kuingia chuo kikuu Tanzania. Aliyemaliza kidato cha sita hakwenda tena moja kwa moja Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipaswa kwanza kufanya kazi kwa angalau miaka miwili, na ili apokelewe chuoni alihitaji mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama tawala, TANU. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake na baadaye uliachwa. Hata hivyo ulikuwa na faida moja ambayo sisi tunaowashauri wanafunzi kuhusu ajira tunaliona pengo lake kila siku: mwanafunzi aliingia darasani akiwa ameshajua ofisi, karakana au shamba linavyoendeshwa. Wa leo anatoka shuleni, anaingia chuoni, na baada ya miaka mitatu au minne anavaa joho. Katika muda wote huo, mahali anapokutana na kazi halisi kwa utaratibu rasmi ni kwenye mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Wiki nane hivi kwa mwaka, na katika programu nyingine hata chini ya hapo.

Chuo kina huduma nyingine pia, na ni haki yako kuzitumia. Kuna ofisi ya ushauri wa taaluma na ajira, maonesho ya ajira ambapo waajiri huja kukutana na wanafunzi, semina za kuandika wasifu, na vituo vya ubunifu kwa wenye mawazo ya biashara. Morogoro, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliunda ushirika wao, SUGECO, ambao unawapa vijana mafunzo ya kilimo biashara. Mitaala nayo imeguswa. Kupitia mradi wa kuboresha elimu ya juu uitwao HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, vyuo vya umma vimekuwa vikipitia upya programu zao na kuwaketisha waajiri kwenye kamati za ushauri ili waseme wanachokihitaji. Haya yote yana manufaa. Lakini kwa mwanafunzi mmoja mmoja, ninavyoona mimi, hakuna linaloizidi fildi, na hakuna linalochezewa kama fildi.

Kuchezewa kwenyewe huanza kwenye kutafuta nafasi. Fildi nyingi huwa kati ya Julai na Septemba, na wanafunzi wengi huja kuchukua barua ya utambulisho Juni, mitihani ikiwa imekaribia. Wakati huo ofisi za halmashauri, benki na mashirika zimeshapokea barua za vyuo vyote nchini. Kinachobaki ni nafasi ya kwa mjomba, ambako utaambiwa ukae, utapiga fotokopi, na karatasi ya tathmini utajaziwa alama nzuri. Peleka barua Januari au Februari. Peleka kwa mkono kama unaweza, uliza jina la idara itakayoishughulikia, na urudi kuifuatilia baada ya wiki mbili. Ukikubaliwa mapema unapata pia muda wa kupanga nauli na makazi. Hili si dogo: fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo hazimfikii kila mtu, na asiyezipata hulazimika kuchagua mahali pa karibu na nyumbani. Hakuna ubaya kufanyia fildi wilayani kwenu. Ofisi ndogo yenye watumishi wachache mara nyingi itakupa kazi ya kweli mapema kuliko makao makuu yenye wanafunzi thelathini wanaogombania kiti.

Ukishafika, kuna daftari la fildi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimesoma madaftari haya kwa miaka mingi na mengi yanasikitisha. Mwanafunzi wa uhasibu anaandika siku ya Jumanne: "Leo nimesaidia kazi za ofisi ya mhasibu." Jumatano: "Nimeendelea na kazi za jana." Msimamizi anasaini, alama zinapatikana, na mwaka mmoja baadaye kijana huyo anaketi mbele ya jopo la usaili hana hata mfano mmoja wa kutoa. Linganisha na hili: "Nimefanya usuluhishi wa kibenki wa mwezi Juni. Salio la daftari la fedha lilipungua kwa shilingi 240,000 dhidi ya taarifa ya benki. Nimebaini ni hundi mbili zilizotolewa lakini hazijawasilishwa benki. Mhasibu amenionesha namna ya kuziorodhesha." Ni sentensi nne tu, na zinaandikwa kwa dakika tano jioni. Lakini aliyeziandika ana jibu tayari siku atakapoulizwa, "Tueleze kazi uliyowahi kuifanya mwenyewe." Ana pia mistari ya kuweka kwenye wasifu wake, kwa maana wasifu wenye maneno "mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo" haumwambii mwajiri chochote. Kila mwombaji ameyaandika.

Andika tatizo ulilolikuta, ulichokifanya, nani alikuelekeza, na matokeo yake. Kama siku nzima ulipiga fotokopi, andika nyaraka zilikuwa za nini na zinapita kwa nani hadi zifike mwisho. Hata hapo kuna la kujifunza kuhusu ofisi inavyofanya kazi.

Wanafunzi wengi huniambia kwamba haya yote ni bure kwa sababu kazi zinatolewa kwa konekisheni. Siwalaumu, wameona mengi. Ila wasichokitambua ni kwamba fildi inakupa watu wanaoijua kazi yako, na hao ndio kila mwajiri anaowataka. Tangazo la kazi serikalini huhitaji majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Nani atakuwa wako? Mhadhiri aliyekuwa na darasa la watu mia nne anaweza kuthibitisha ufaulu wako, lakini hawezi kueleza kama unafika kazini saa moja na nusu au saa tatu. Msimamizi wa fildi anaweza. Muage vizuri unapoondoka, mwombe ruhusa ya kutumia jina lake, na umtumie ujumbe mara moja moja kumjulisha ulipofikia. Mtu aliyekusikia mara ya mwisho miaka miwili iliyopita atashtuka akipigiwa simu kuulizwa habari zako.

Fildi vilevile hukusaidia kujua mapema kwamba shahada yako siyo mwisho wa safari. Msomi wa sheria anayetaka kuwa wakili atapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mhitimu wa udaktari ana mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya usajili kamili. Mhandisi mhitimu anaweza kuingia kwenye mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wa miaka mitatu chini ya usimamizi wa mhandisi mzoefu, na mhasibu anasubiriwa na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Yupo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye bado hajui kwamba bodi ya taaluma yake ipo. Waulize wale unaowakuta kazini walipitia wapi, iliwachukua muda gani na gharama ilikuwa kiasi gani, ukiwa bado una nafasi ya kujipanga. Kwa fani zisizo na bodi, ipo programu ya serikali ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, inayoratibiwa na Kitengo cha Huduma za Ajira (TaESA). Jisajili mapema. Na yeyote anayekuomba pesa ili akupatie nafasi ya fildi, mafunzo au ajira, mkatae na uje utuambie.

Jambo la mwisho ni karatasi, na linaangusha watu wenye ufaulu mzuri kabisa. Maombi ya kazi za utumishi wa umma hupokelewa kwa mtandao na Sekretarieti ya Ajira kupitia mfumo wa Ajira Portal. Matangazo yake yanaeleza wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliwi, kwamba vyeti na cheti cha kuzaliwa vithibitishwe na mwanasheria, na kwamba waliosoma nje wawe na ithibati ya TCU (vyuo vikuu), NECTA (baraza la mitihani) au NACTVET (elimu na mafunzo ya ufundi). Tatizo tunalokutana nalo zaidi ofisini kwetu ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na kitambulisho cha NIDA kimeandika herufi moja tofauti. Kulirekebisha hili kwa hati ya kisheria kunachukua muda, na tangazo la kazi huwa wazi kwa siku chache tu. Weka vyeti vyako vyote mezani leo, ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili, usome majina herufi kwa herufi.

Ukija kwenye ofisi ya ushauri wa ajira, njoo na tangazo halisi la kazi unayoitaka, wasifu wako hata kama haujakamilika, na daftari lako la fildi. Mshauri atakwenda nawe mstari kwa mstari, kuona sifa ipi kwenye tangazo unaweza kuithibitisha na ipi bado. Waliokwisha hitimu nao wanapokelewa. Huduma haina malipo, na msongamano ni mdogo zaidi wiki za mwanzo wa muhula.