Duke si mfalme mdogo, wala si liwali

Duke wa Sussex akitajwa kwenye habari, watu hukimbilia kueleza duke ni nani, na maelezo huja ya namna mbili. Wapo wasemao ni cheo cha fahari cha watoto wa mfalme, basi. Wapo wengine, waliosomasoma historia, wanaojibu kwamba hivyo ni sasa tu, lakini zamani duke alikuwa mfalme mdogo mwenye nchi yake. Na nimeshaona mara nyingi kupita kiasi duke wa Ufaransa ya zama za kati akiitwa "liwali". Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika.

Maana yenyewe haina urefu. Duke alikuwa kabaila wa daraja la juu kabisa chini ya mfalme. Alirithi eneo kubwa kutoka kwa ukoo wake na kulitawala, kwa sharti la kumpigia mfalme magoti na kumlia kiapo cha utii. Urithi na kiapo: viwili hivyo havikai pamoja kwa amani, na ugomvi wao ndio historia nzima ya maduke.

Asili ya neno ni Kilatini, dux, kiongozi, hasa wa vita. Katika dola ya Roma ya karne ya 4, dux alikuwa kamanda wa majeshi ya mpakani. Huyo kweli alikuwa mwajiriwa: kaisari alimteua, kaisari alimwondoa. Wafalme wa Wafranki, watu waliotawala Ufaransa baada ya Roma, walikichukua cheo hicho wakakiendeleza, na kwa karne kadhaa mtu angeweza kusema "liwali" nisimkatalie. Mambo yaligeuka katika karne ya 9 na ya 10, wafalme walipoishiwa nguvu. Kabaila akifa, mwanawe anakalia kiti, na mfalme hana ubavu wa kumtoa. Pwani yetu inaujua mchezo huu. Wamazrui walikuwa Mombasa kama maliwali wa Oman, lakini ukoo wa Al Busaidi uliposhika Oman katikati ya karne ya 18, Wamazrui walikataa kuutambua, wakaushika mji kama mali ya ukoo hadi 1837. Tofauti ni kwamba duke wa Kifaransa hakuhitaji kuasi ili arithi. Sheria na desturi zilishampa haki hiyo, ilimradi kiapo kibaki.

Sasa njooni kwa Philippe le Bon, duke wa Burgundy, eneo la mashariki mwa Ufaransa, kuanzia 1419 hadi 1467, maana yeye ndiye huitwa "mfalme wa Burgundy" kuliko wote. Kosa hilo nalielewa. Makao yake ya Bruges, Brussels, Lille na Dijon yalikuwa na anasa kuliko ya mfalme wa Ufaransa, Jan van Eyck alikuwa mchoraji wake, na mwaka 1430, alipomwoa Isabella wa Ureno, alianzisha jumuiya ya mashujaa iitwayo Ngozi ya Dhahabu.

Lakini tazama alichokishika. Alikuwa duke wa Burgundy, uduke ambao Mfalme Jean II alimpa babu yake mwaka 1363. Jirani yake kulikuwa na Burgundy nyingine, ambako yeye huyo huyo hakuwa duke bali konti, cheo cha chini zaidi, na ardhi hiyo haikuwa ya mfalme wa Ufaransa bali ya Kaisari wa Ujerumani. (Kaunti za Kenya zimepata jina huko huko, kwa makonti, kupitia Kiingereza.) Flanders alikuwa konti. Brabant, aliyoirithi 1430, alikuwa duke tena. Holland, Zeeland na Hainaut, konti, tangu 1433. Kila mahali mkataba wake, mabaraza yake na haki zake, na watu wa Ghent, mji wa Flanders, walipigana naye kutetea zao hadi vita vya Gavere mwaka 1453. Hapakuwa na nchi moja ya kuitwa ufalme. Palikuwa na mtu mmoja aliyebeba vyeo vingi.

Na kiapo? Baba yake, Jean, aliuawa kwenye daraja la Montereau mwaka 1419, mbele ya mrithi wa kiti cha Ufaransa, Charles. Philippe akageukia Waingereza, waliokuwa vitani na Ufaransa, akaunga mkono mkataba wa Troyes wa 1420 uliomfanya Henry V, mfalme wa Uingereza, mrithi wa taji la Ufaransa. Wanajeshi wa upande wake ndio waliomkamata Jeanne d'Arc, msichana aliyepigana upande wa Charles, huko Compiègne mwaka 1430, kisha akauzwa kwa Waingereza. Hapa husemwa Philippe aliisaliti nchi yake. Kwa wakati ule, hoja ilikuwa nyingine: kiapo kilimfunga mtu kwa bwana wake, na bwana anayehusishwa na mauaji ya baba yako amekivunja yeye kwanza.

Ndiyo maana mkataba wa Arras wa 1435 unanipendeza. Charles, sasa Mfalme Charles VII, alikubali kuomba radhi kwa mauaji yale na kumsamehe Philippe kiapo cha utii. Lakini msamaha ulikuwa wa watu wawili, ungeisha mmoja wao akifa. Mfalme hawi na haja ya kusamehewa kiapo, wala liwali hasamehewi kazi yake. Ni duke tu ambaye kifungu kama hicho kinamhusu.

Mwaka 1447 Philippe alijadiliana na Frederick III, aliyekuja kuwa Kaisari wa Ujerumani, kuhusu kupewa taji, mazungumzo yakavunjika. Mwanawe Charles alijaribu tena huko Trier mwaka 1473, na kaisari akaondoka mjini kabla ya kumtawaza. Charles alipouawa Nancy mwaka 1477 bila mtoto wa kiume, Louis XI aliuchukua uduke wa Burgundy akisema umerudi kwa taji lililoutoa.

Kwa hiyo ukimtaja Philippe, "duke wa Burgundy" inatosha, na ukiwa na nafasi ongeza "konti wa Flanders". "Mfalme" usimwite, tafadhali. Cheo hicho alikitaka mwenyewe na hakukipata.